Nani Kafunga Vifungo Leo?

Mjukuu wangu tulimwita Cherehani kwa sababu tangu alipojua kusimama, miguu yake haikutulia. Ukimtuma chumvi kwa jirani utamsikia anavyokwenda, tak-tak-tak-tak, na kabla hujageuza mboga jikoni amesharudi, nusu ya chumvi imemwagika njiani. Kisha, akiwa darasa la pili, magoti yakavimba. Vikafuata vifundo vya mikono, halafu vidole. Tulidhani ameanguka. Tukadhani ni viatu. Mama yake, ambaye ni binti yangu na anafanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, alidhani anakwepa shule, akamgombeza. Mpaka tunafika kwa daktari wa viungo, mtoto alikuwa anashuka kitandani kama mimi, tena mimi nashuka kwa kuguna.

Daktari akasema ni baridi yabisi ya watoto.

"Daktari," nikamwambia, "huo si ugonjwa wetu sisi wazee?"

"Wa kwenu una heshima, bibi. Huu wa watoto hauulizi umri."

Vidonge vilisaidia kidogo, halafu vikachoka. Ilikuwapo dawa nyingine, ya sindano, na daktari alikuwa ameona watoto waliobebwa mgongoni wakiinuka kwa dawa hiyo. Lakini ilikuja kwa uchache na wenye kuihitaji walikuwa wengi, kwa hiyo ikaundwa kamati ya kuamua nani aanze. Kamati haikumwona mtoto. Ilipelekewa maelezo ya daktari, picha za viungo, na alama za dodoso. Dodoso ni karatasi ya maswali: mtoto anaweza kufanya hiki, anaweza kufanya kile, kwa shida au bila shida. Mtoto mzima anapata sifuri. Shida ikipanda, alama nazo zinapanda.

Na haraka ilikuwapo. Goti la kushoto la Cherehani lilikuwa limeanza kukataa kunyooka. Daktari alinieleza bila kuficha: likikaa hivyo muda mrefu litaganda hivyo hivyo, na hapo hata sindano haitalirudisha.

Basi siku ya dodoso nikavaa vizuri, nikampaka mtoto mafuta, tukaenda. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka nusu, feni ya juu inazunguka kama imelazimishwa. Aliyeuliza alikuwa mtafiti, msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho, mpole, shikamoo yake imenyooka. Cherehani akambatiza papo hapo Dada wa Maswali.

"Bibi, mtoto anaweza kuvaa mwenyewe, pamoja na kufunga vifungo?"

"Anaweza, namshukuru Mungu."

"Bila shida?"

"Bila shida."

"Anaweza kuinuka kitandani mwenyewe?"

"Anainuka."

"Anaweza kuingia na kutoka kwenye bafu la kujilaza?"

"Shida ya bafu la kujilaza hatuna, mwanangu. Bafu lenyewe hatuna."

Akacheka, akaweka alama kwenye kisanduku cha "haihusiki." Kisu na uma, haihusiki. Mlango wa gari, haihusiki. Mwisho akamgeukia mtoto. "Na wewe, mama, unajisikiaje?"

"Sijambo," akasema Cherehani, kwa adabu, mikono imefichwa chini ya meza.

Tukatoka nimeridhika kabisa. Nilijiona nimemjibia mjukuu wangu vizuri.

Wiki iliyofuata daktari alishika karatasi ya alama kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika goti la Cherehani, lililovimba mpaka linang'aa. Akatazama hapa, akatazama pale.

"Bibi, goti hili na karatasi hii havijuani."

"Kwani karatasi inasemaje?"

"Inasema mtoto huyu ni mzima karibu kama mimi. Kamati imemweka chini kabisa."

"Basi futa, daktari. Andika upya."

"Kufuta siwezi. Na nikifuta ya kwako, je, wengine? Kwa karatasi hizi, watoto wangu wote wa kliniki wangesajiliwa kwenye timu ya mpira. Kosa si la kwako. Maswali yenyewe hayajakaa sawa, na ndiyo maana tumemleta yule dada ayajaribu. Kamati itakaa tena shule zikifungwa. Tukiyaweka sawa kabla ya hapo, Cherehani ataulizwa upya. Tukichelewa..." Alikuwa bado ameshika goti.

Ndiyo tukaitwa wazazi na walezi, chumba kile kile, viti vimepangwa kuzunguka meza. Karibu yangu alikaa fundi viatu, ambaye binti yake mdogo alikuwa na ugonjwa huo huo wa viungo, mtu wa maneno mengi na vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Watoto walipewa karatasi za kuchorea, wakakaa nazo kwenye benchi la pembeni.

Dada wa Maswali akatueleza. Maswali yalitungwa nchi nyingine, kwa watoto wa huko. Watu wawili waliyatafsiri, kila mmoja peke yake, wakalinganisha. Mtu wa tatu, ambaye hakuwahi kuyaona, akayarudisha kwenye lugha yake ya kwanza, ili kuhakiki kama yamesafiri na nguo zao zote mwilini.

"Maneno yamefika salama," akasema. "Majibu ndiyo yananipotea. Leo sitaki mnijibu. Nataka mniambie, nikiwauliza, moyoni mnasikia nini."

Fundi viatu akaanza.

"Mimi ukiniuliza binti yangu anaweza kutembea, nasema anaweza. Nikisema hawezi si nitakuwa nimemfungia njia kwa mdomo wangu mwenyewe? Baba mzima!"

"Hata kama umembeba?"

"Hata kama yuko begani na tunaongea hapa na ananivuta sikio."

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma akasema yeye huogopa akieleza shida nyingi ataonekana hamtunzi mtoto. Ikafika zamu yangu.

"Mwanangu," nikasema, "wewe ukinikuta njiani ukaniuliza hujambo, nitasema sijambo, hata kama nimetoka kung'olewa jino. Hiyo ni kukufungulia mlango tu. Ukishaingia ukakaa, ndipo nitasema: sijambo, ila. Hapo kwenye 'ila' ndipo mambo yalipo. Siku ile ulinisalimia vizuri, nikakujibu vizuri. Lakini kila nikikaribia 'ila' wewe umeshafunua ukurasa."

Dada wa Maswali akaweka kalamu chini. "Kumbe nimekuwa nikiwageuzia mgongo pale mlangoni," akasema.

"Hukujua, na sisi hatukujua kuwa hujui."

Akafurahi, akataka kila swali liachiwe nafasi ya "ila". Daktari, aliyekuwa amesimama dirishani, akatikisa kichwa taratibu. Kamati inataka namba, akasema. "Ila" ya bibi ina ukurasa mzima na ya fundi ina kurasa mbili, nani atazijumlisha? Wakabishana kwa upole, kama mtu na dada yake. Kila walipopata njia, namba ilikataa. Chai ikapoa. Mimi nikaanza kufikiria goti, na shule zilizobaki wiki chache zifungwe.

Cherehani alikuwa amechoka kuchora. Akajikokota akaja kuniegemea. Dada wa Maswali, kichwa kimejaa, akalitazama shati lake akatabasamu.

"Mama, mbona vifungo vimepanda kombo? Nani kavifunga leo?"

"Bibi," akasema Cherehani. "Hana miwani."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nikajitetea kwamba miwani ninayo, sema iko kwa fundi wa miwani. Lakini Dada wa Maswali hakucheka. Alikuwa amesimama.

"Bibi, ulisema anafunga mwenyewe bila shida."

"Anafunga."

"Na leo?"

"Leo nilimfunga mimi. Vidole vyake asubuhi vimekaza, havikunjiki. Namkanda kwa maji ya moto kwanza mpaka vilegee."

"Na jana?"

"Jana pia mimi."

"Fundi, leo nani kambeba binti yako kumtoa kitandani?"

"Mimi," akasema fundi, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Kila siku mimi."

"Nani kamchana nywele mwanao, mama?" Akajibiwa. "Nani kamshikia kikombe?" Akajibiwa. Alikuwa anazunguka meza sasa, anauliza huku anaandika, na hakuna aliyemjibu sijambo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameulizwa hali. Ukiulizwa nani kafanya, unamtaja aliyefanya, basi. Daktari akaacha dirisha, akavuta kiti.

"Hii inahesabika," akasema. "Kafanya mwenyewe upesi, sifuri. Kafanya mwenyewe kwa kuchelewa na maumivu, moja. Kasaidiwa, mbili. Kafanyiwa, tatu."

"Ndiyo ngazi ile ile ya karatasi ya kwanza," akasema Dada wa Maswali, macho yanawaka. "Tumebadilisha mlango tu!"

Kuanzia hapo ikawa kazi, na kazi ilikuwa na raha yake. Bafu la kujilaza likatoka, ikaingia kujimwagia maji kwa kopo juu ya kichwa, maana yote mawili yanataka bega liinuke na mguu ushike sakafu. Mlango wa gari ukatoka, likaingia komeo la mlango wa nyumba. Wenye dodoso huko nje wakaandikiwa barua. Wakajibu kwamba wanakubali, mradi kila swali jipya lipime kile kile kilichopimwa na la zamani, na lijaribiwe kwa watoto wagonjwa na wazima. Wazima nikawaleta mimi kutoka mtaani kwetu. Mmoja aliulizwa nani kafunga vifungo leo, akasema hakuna, vyote vimekatika. Dada wa Maswali akakuna kichwa, akaandika hilo nalo.

Shule zikakaribia kufungwa. Ikabaki sehemu moja. Mtoto aliyefikia umri wa Cherehani sasa angejijibia mwenyewe maswali yake, mlezi akiwa nje, ili mdomo wa mkubwa usimfunike.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mjukuu wangu ni msemaji wa kupindukia, atakueleza ndoto ya kuku. Lakini neno moja alikuwa amelikataa. Shuleni walikuwa wamemwita Ajuza, wakamwigiza anavyotembea, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema "siwezi". Husema "sitaki." Sitaki kucheza, sitaki kuandika, sitaki hiyo. Ukimsikiliza utadhani ni mtoto mvivu mwenye kiburi. Na kamati ikisoma "hataki", itampa sindano ya nini?

Njiani nilimwambia, "Leo sema kweli, mke mwenzangu." Ndivyo tunavyoitana, ingawa mume mwenyewe yuko kaburini siku nyingi na hajui kama amepata mke wa pili.

"Mimi siku zote nasema kweli," akanijibu.

Nikakaa nje kwenye benchi na fundi viatu, ambaye binti yake alikuwa amekwisha kuulizwa. Mlango ulikuwa mwembamba kama kadibodi. Tulisikia kila kitu.

"Jana kengele ya mapumziko ilipolia, ulifika wapi?"

"Mlangoni."

"Wenzako?"

"Uwanjani."

"Kwa nini wewe uliishia mlangoni?"

"Nilikuwa sitaki."

Nikainuka. Fundi akanishika upindo wa nguo.

"Kaa, mama."

"Niache, nimwambie mara moja tu."

"Wewe ukiingia, atakuwa hajambo tena. Kaa."

Nikakaa. Mimi ni mtu wa subira, nimelea, nimeuguza, nimezika. Lakini benchi lile liliniunguza. Ndani feni inakwaruza. Dada wa Maswali hakusema kitu. Alikuwa amejifunza kungoja, mwanangu yule.

Halafu sauti ya Cherehani, ndogo: "Ukiandika siwezi, itakaa hapo siku zote?"

"Hapana. Hiyo ni ya leo tu. Nitakuuliza tena, na tena. Nisipojua leo uko wapi, nitajuaje kama umesogea?"

"Na hao wa kamati watacheka?"

"Hakuna atakayecheka. Akicheka nitakuletea jina lake."

Kisha: "Basi andika."

"Niandike nini?"

"Siwezi."

"Huwezi nini, mama?"

"Siwezi kukimbia!" Sauti ikapanda. "Siwezi kufunga vifungo, ni bibi. Siwezi kujimwagia maji, ni mama, na mama akiwa zamu ni bibi. Siwezi kushika kalamu asubuhi, mwalimu anadhani sijui jibu, na jibu nalijua! Siwezi kukaa chini na wenzangu, nikikaa sinyanyuki. Umeandika?"

"Naandika, naandika, taratibu."

"Andika upesi! Na hii kalamu yako siwezi vilevile, nyembamba mno, tafuta nene!"

Fundi viatu alikuwa anapiga makofi bila sauti, viganja vyeusi vinakutana hewani. Mimi machozi yananitoka huku nacheka, sikujua lipi nilizuie. Tangu augue sikuwa nimesikia mtoto yule akipaza sauti namna ile. Kila "siwezi" aliirusha kama anayetupa mzigo chini kutoka kwenye lori.

Mlango ukafunguka. Akatoka anachechemea vibaya kuliko siku zote, maana alikuwa amekaa sana, lakini kichwa juu kama ametunukiwa kombe.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "nimewapa."

Kamati ilikaa. Daktari alitupigia simu, kisha akaona simu haitoshi, akatuita, na tulipofika alikuwa anatusubiri kwenye korido badala ya chumbani. Goti na karatasi sasa vinajuana, akasema. Cherehani alikuwa katika kundi la kwanza. Binti wa fundi viatu pia. Na dodoso letu limepita vipimo vyote, kliniki nyingine zimeshaliomba. Fundi alimkumbatia daktari, koti jeupe likapata alama za rangi ya viatu, na daktari hakuona, au aliona akaliacha.

Sindano ya kwanza Cherehani alilia. Ya pili alitukana kidogo, tukamwombea radhi kwa muuguzi. Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika polepole, namna ambayo ukimtazama mtoto hayaonekani, ukigeuka yanaonekana. Uvimbe ukapungua. Goti likaanza kunyooka, siku hii kidogo, siku ile kidogo, mpaka mtaalamu wa mazoezi akalilaza kitandani likalala bapa kama ubao, na binti yangu, aliyemgombeza mtoto mwanzoni, akaliinamia akalibusu hadharani.

Juzi nikaitwa shuleni. Ujumbe ulisema nifike haraka, mwalimu mkuu anataka kuzungumza na mlezi. Nilikwenda mbio, kadiri mbio zangu zilivyo, nikijua tu kwamba ameanguka, au mguu umekaza tena.

Mwalimu mkuu ni mwanamama mnene mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa amekaa nyuma ya meza. Cherehani amesimama pembeni, sketi imechanika kuanzia pindo, kidevu kifuani.

"Bibi," akasema mwalimu mkuu, "nasikitika kukuambia kwamba mjukuu wako ameruka ukuta wa shule."

Nilidhani masikio yangu yananidanganya. "Ameruka nini?"

"Ukuta. Yeye na wenzake wawili, saa za masomo, kufuata mpira uliotoka nje."

"Ule ukuta wa nyuma? Mrefu ule?"

"Huo huo."

"Alisukumwa? Alibebwa?"

"Bibi, alitangulia! Hao wengine ndio waliomfuata."

"Na kutua, alituaje?"

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Sijakuelewa."

"Alitua kwa mguu upi, mwalimu? Wa kulia, au yote miwili?"

"Yote miwili, bibi," akasema Cherehani haraka, kisha akarudisha kidevu kifuani.

Nikajiuma mdomo kwa ndani. Nikakunja uso, maana mbele ya walimu mtu hukunja uso, lakini uso haukukaa. Ukakunjuka wenyewe. Nikaufunika kwa khanga, mabega yakanitingishika, na mwalimu mkuu, maskini, akadhani nalia. Akalainika.

"Usihuzunike sana, bibi. Ni mtoto. Adhabu yake ni ndogo tu, adeki darasa zima. Lakini najua hali yake. Ukiona itamuumiza, tunaweza kumsamehe."

"Usimsamehe!" nikasema, kwa sauti iliyotushtua wote wawili. "Nakuomba, mwalimu. Mpe adhabu yake mwenye adhabu. Lote alideki, mpaka chini ya madawati."

"Bibi!" Cherehani akalalamika.

"Nyamaza, mruka ukuta."

Nikasimama mlangoni mwa darasa kuangalia. Hao wenzake wawili walikuwa wananung'unika, wanasogeza madawati kwa hasira. Cherehani akatumbukiza tambara kwenye ndoo, akalitoa linachuruzika, akalishika ncha hii na ncha ile, akalipinda. Vile vifundo vya mikono vikageuka, kimoja huku, kimoja kule, vidole vikakaza vyenyewe kwa kutaka kwake, na maji yakamiminika ndoo ikalia. Akakunguta tambara, akanitupia jicho la chuki.

"Bado linadondosha," nikamwambia. "Kamua tena."